Sauti Nane za Ijumaa

Chaki alipanda ngazi za nyumba ya walimu akicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko mzaha uliokileta. Mwanamke akicheka hivyo Jumapili alasiri, viatu vimejaa tope na majani makavu yamenasa kwenye nywele, ujue hachekeshwi na maneno. Anachekeshwa na anayeyasema.

Anayeyasema alikuwa nyuma yake, amebeba mabegi yote mawili. Walimwita Ramani kwa kuwa alifundisha jiografia, na jina lilimkaa kama koti la kuazima, maana bwana huyo hajawahi kwenda mahali asipotee. Jana tu alimpandisha Chaki treni ya kwenda kaskazini, na ziwa walilolitaka liko kusini.

"Sikupotea," alikuwa akijitetea. "Nilikuwa nachunguza."

"Ukachunguza saa tatu nzima?"

"Sasa mwalimu, uchunguzi wa dakika tano si umbea huo?"

Chaki akacheka tena, akasukuma mlango. Kicheko kikakatika.

Mwenzake wa nyumba alikuwa amekaa mezani, mikono amekunja. Huyu walimwita Kengele. Alikuwa mama wa makamo, alifundisha watoto wadogo kuimba, na hata akinong'ona husikika ghorofa ya juu. Leo alikuwa kimya. Mbele yake ilikuwapo simu ya Chaki, imelazwa kifudifudi.

"Kaa chini, mdogo wangu."

"Nioge kwanza, dada. Sijitamani."

"Kaa hivyo hivyo na tope lako."

Chaki akakaa. Ramani akabaki mlangoni na mabegi yake, kama mchukuzi anayengoja kuambiwa pa kuyatua.

Hapa turudi nyuma kidogo, tusije tukamhukumu mtu bila kulijua kosa lake.

Watatu hawa walitoka nchi moja, wakaja kufundisha ugenini kwa mkataba wa miaka miwili. Siku za kazi upweke hauna nafasi. Kuna madaftari, kuna zamu, kuna watoto arubaini wanaolitamka jina lako kana kwamba wana kiazi cha moto mdomoni. Lakini Jumamosi ikifika, majirani wanakusalimu kwa kutikisa kichwa tu, nyumba inanyamaza, nawe unalala chali unahesabu nyufa za dari. Ni Kengele aliyesema, "Tutaota ukungu humu ndani. Twendeni tukatembee." Wakaanza. Jumamosi hii maporomoko ya maji, Jumamosi ile mji wenye daraja refu, nyingine soko la vitabu vikuukuu, ambako hawakuweza kusoma hata kimoja wakanunua kwa kupenda picha. Walikuwa watatu, na Chaki akirudi alimsimulia mchumba wake yote, bila kuacha kitu.

Mchumba alikuwa fundi wa friji huko nyumbani, na kila mtu, hata Chaki, alimwita Fundi. Mtu wa maneno machache. Husikiliza mpaka mwisho, kisha anauliza swali moja tu. "Hilo daraja, wamelishikiza na nini?" Naye Chaki, mwalimu wa hesabu, alikuwa akilipenda swali hilo moja kuliko barua za mapenzi.

Tatizo lilikuwa Shangazi, aliyemlea Fundi na kuipeleka posa kwa mkono wake mwenyewe. Alipozisikia hizo safari alishika kiuno. "Mchumba wa mtu anazurura na mwanaume? Huko amekwenda kufundisha au amekwenda fungate?" Fundi akamwomba Chaki, "Mwalimu, Shangazi tusimwambie tena." Wakakubaliana kumficha Shangazi. Kisha goti la Kengele likaanza kumsumbua, watatu wakawa wawili, na Chaki, ambaye alishaonja utamu wa kuficha, akaanza kumficha Fundi pia.

Ndipo zikaja zile sauti nane.

Jumamosi ndiyo siku ambayo Fundi alituma ujumbe wa sauti tangu asubuhi hadi jioni, habari za nyumbani, na hasa habari za mama yake Chaki, aliyebaki peke yake na kumtegemea yeye Fundi kwa kila kitu. Sasa huko maziwani na milimani mtandao haukamatiki, na simu isiyojibu kutwa nzima huzaa maswali. Basi kila Ijumaa jioni Chaki alikaa kitandani akarekodi sauti nane. "Umeamkaje, mpenzi?" "Nimezama kwenye kusahihisha, tutaongea." "Nafurahi kusikia hivyo." "Nimekukumbuka mpaka naumwa." Simu akamwachia Kengele. Fundi akituma kitu, Kengele anachagua moja, anairusha.

Na Kengele alikuwa na uungwana wake. "Kutuma nitatuma," alisema siku ya kwanza, "lakini kusikiliza sisikilizi. Maneno ya mwanaume kwa mchumba wake si ya masikio yangu." Miezi minne alishikilia neno lake. Alidanganya kwa heshima zote.

"Haya, nimekaa," Chaki alisema. "Kuna nini?"

"Jana saa tatu asubuhi alituma ujumbe," Kengele akaanza, macho yake mezani. "Nikamtumia 'umeamkaje'. Saa tano akatuma mwingine. Nikamtumia 'nafurahi kusikia hivyo'. Akatuma tena, papo hapo. Nikasema, huyu leo amepandwa na mapenzi. Nikamtumia ile ya 'nimekukumbuka'."

"Halafu?"

"Halafu akaanza kupiga. Mara kumi na moja. Ndipo nikaogopa, nikasikiliza." Akaisukuma simu. "Sikiliza na wewe. Mimi siwezi kuyasema."

Chaki akabonyeza. Sauti ya Fundi ikajaa chumbani, inahema.

"Mwalimu, mama ameanguka bafuni. Paja limevunjika. Tuko hospitali, daktari anataka kumpasua leo leo, lakini mama amegoma. Anasema haguswi na kisu mpaka asikie sauti ya mwanawe. Ninamshikia simu sikioni hapa. Sema naye."

Na chini yake, bila kupoa, ikafuata sauti ya Chaki mwenyewe, tamu, imejaa asali: "Nafurahi kusikia hivyo, mpenzi wangu. Endeleeni hivyo hivyo."

Chaki akaziba mdomo kwa mikono miwili.

Simu haikumhurumia. "Mwalimu, hukunisikia? Nimesema mama amevunjika!" Na jibu lake: "Nimekukumbuka mpaka naumwa."

Ramani akayatua mabegi chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Mama aliisikia?" Chaki aliuliza. "Ile ya kufurahi... aliisikia?"

"Aliisikia. Simu si ilikuwa sikioni mwake?"

"Akasemaje?"

"Fundi ananiambia alisema, 'Huyo si mwanangu. Mwanangu hawezi kufurahi mimi nikilia.' Akawafukuza madaktari. Saa saba nzima amelala na mfupa umevunjika, mpaka mjomba wako akatoka shamba kuja kumbembeleza."

"Saa saba!"

"Amepasuliwa, anaendelea vizuri, usife. Lakini saa saba, ndiyo."

Chaki alihesabu, maana hata kwenye msiba mwalimu wa hesabu huhesabu. Saa tano mpaka saa kumi na mbili. Saa tano walikuwa kwenye treni iliyopotea, viti viwili vinavyotazamana, naye amehama kiti akaenda upande wa pili kwa kisingizio cha jua. Saa sita aliegemeza kichwa kwenye bega la Ramani akajifanya amelala. Ramani alijua halali. Naye alijua Ramani anajua. Wakakaa hivyo vituo sita, hakuna aliyethubutu kukohoa. Mama yake alikuwa anauma shuka.

"Wewe ulimwambiaje Fundi?" aliuliza.

"Simu ya kumi na mbili nilipokea. Nikasema umetoka kidogo, simu umeisahau. Nilipagawa, mdogo wangu. Nikaweka uongo juu ya uongo, kama mtu anayeziba tundu la paa kwa kanga."

Ramani akakohoa. "Mwambie ni mtandao. Ujumbe wa zamani ulikwama, ukaingia jana ukachanganyika. Mbona hutokea?"

"Au niseme ni mimi nilikuwa nachezea simu yako," Kengele akadakia. "Nibebeshe mimi. Mimi ni mtu mzima, sina mchumba wa kuniacha. Goti langu tu ndilo litakaloniacha."

Chaki aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Rafiki zake hao. Mmoja alimpikia alipougua mwezi mzima wa baridi, mwingine alimfundisha kusoma ratiba za treni, ingawa kwa makosa. Wote wawili wamemshikia mlango wazi wa kukimbilia.

"Ramani, nenda."

"Chaki, hatujafanya lolote la aibu. Vyumba viwili, milango miwili, funguo mbili."

"Ningekuwa sijafanya lolote, ningemuaga Fundi kwa kulitaja jina lako. Nenda, tafadhali."

Alimtazama kwa yale macho yake ya kuuliza njia. Chaki akageuza uso ukutani. Akasikia mlango, kisha nyayo zikishuka ngazi, zikasimama katikati, zikaendelea.

Alipiga akiwa bado na viatu vya tope. Huko nyumbani kulikuwa bado mchana. Fundi alipokea kabla mlio wa pili haujaisha.

"Mwalimu."

"Mama yukoje?"

"Amelala. Wamemtia chuma. Daktari anasema atatembea, asiwe na haraka." Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hajalala. "Ulipata simu yako?"

"Nimeipata."

"Nilikuwa nafikiria yale majibu ya jana. Nikasema lazima ni mtandao. Ujumbe wa wiki zilizopita umekwama njiani, umeingia siku mbaya. Hata mama nimemwambia hivyo."

Angalieni mapenzi yanavyoweza kumtesa mtu. Fundi alikuwa ameutengeneza uongo mwenyewe, ameupiga msasa, ameupaka rangi, ameuleta mlangoni. Chaki alitakiwa kuupokea tu.

"Ndiyo, mtan..." alianza. Ulimi ukagoma.

"Si mtandao," Chaki alisema. "Fundi, si mtandao. Jumamosi siwi nyumbani. Huwa nasafiri. Sauti hizo huzirekodi Ijumaa, nane, namwachia dada hapa, anakutumia. Yeye huwa hakusikilizi, kwa heshima. Ndiyo maana."

Nyuma ya Fundi kitoroli cha hospitali kilipita kikilia gurudumu moja.

"Husahihishi," alisema.

"Nasahihisha Jumatano."

"Unasafiri na nani?"

"Na mwalimu mwenzangu."

"Yule aliyewapoteza njia ya kwenda darajani?"

"Huyo."

"Nilimcheka sana huyo," Fundi alisema taratibu. "Nikawasimulia hadi wateja." Kisha aliuliza swali lake moja, kama kawaida yake, na Chaki hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Ile ya 'nimekukumbuka mpaka naumwa'. Nayo ni ya Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Zote nane kwa mkupuo mmoja?"

"Ndiyo."

"Kila Jumamosi ikifika hiyo, mimi nazima mashine karakana nzima. Namwambia kila mtu aache kugonga. Nataka niisikie vizuri."

Chaki alilia, lakini bila sauti, maana aliona hata kulia kwake kungeonekana kumerekodiwa.

"Unampenda?"

"Nampenda tukiwa safarini," alisema, na alishangaa kuusikia ukweli ukitoka bila kuitwa. "Kwenye treni. Jumatatu nikimkuta chumba cha walimu ni mtu tu, anakoroga chai kwa kalamu yangu."

"Na mimi? Jumatatu mimi ni nani?"

"Wewe ndiye ninayetaka kumsimulia. Nimeona ziwa jana, Fundi, na kitu cha kwanza nilichowaza ni utauliza maji yake yanatoka wapi. Na siwezi kukwambia nimeliona. Nimeliangalia kama mwizi anavyoangalia redio ya watu."

Alingoja acheke. Hakucheka.

"Nitukane basi," alimwomba. "Sema chochote."

"Nikutukanie wapi? Hapa wodini, mama yako akiwa amelala pembeni?" Akavuta pumzi. "Mama nitaendelea kumwangalia. Hilo ni langu mimi na yeye, usilichanganye na haya. Ila hayo mengine nimeyatua kwanza, mikono imechoka. Na kinachonikera zaidi unajua ni nini? Shangazi alisema. Sasa nitamtazamaje?"

"Umeniacha?"

"Sijui. Nipigie Jumamosi, saa nne ya hapo kwenu. Mwenyewe. Kama una safari, safiri."

Akakata taratibu, bila kubamiza simu, bila hata kuaga vibaya. Chaki angefurahi kama angebamiziwa simu.

"Amesemaje?" Kengele aliuliza.

"Amesema ataendelea kumwangalia mama."

"Oo," Kengele alisema, na mkono ukamwenda kifuani. "Huyo amekupiga haswa."

Wiki ile Chaki alifundisha kwa mazoea. Aliandika hesabu ya sehemu ubaoni akakosea mbele ya watoto, na mtoto mmoja wa kike akanyoosha kidole akamsahihisha kwa adabu, darasa likapiga makofi. Kila jioni alimpigia mama. Kila jioni nesi alimjibu kuwa mama amesema amelala. Mtu akisema mwenyewe kuwa amelala, hiyo ni habari tosha.

Alhamisi, saa ya mapumziko, Ramani alikuja akakaa kiti cha pembeni. Akatandaza ratiba ya treni juu ya madaftari yake.

"Jumamosi saa tatu na nusu," alisema. "Mji wa minara. Nimehakikisha upande mara tatu. Ni magharibi."

"Sitakwenda."

"Wiki ijayo, basi."

"Wala wiki ijayo, Ramani."

Alikunja ratiba, ikakataa kukunjika, akaikunja upya. Vidole vyake vilikuwa vile vile alivyovitazama Chaki kwenye treni, akiomba Mungu visisogee na akiomba visogee.

"Hata urafiki umekwisha?" aliuliza. "Tulikuwa watatu, Chaki. Tulikuwa tunacheka tu."

"Urafiki ndio tulioutumia kujifunikia. Sasa nikiushika, naona umechanika. Ngoja kwanza."

"Ningoje mpaka lini?"

"Usiningojee mimi. Jumamosi mchukue dada. Goti lake limepona kitambo. Alikuwa anatuachia nafasi, akidhani ananisaidia."

Ramani akatikisa kichwa, akainuka, akatokea mlango wa stoo badala ya ule wa nje, akarudi, akatoka. Chaki hakucheka. Hilo ndilo lililowaumiza wote wawili.

Jumamosi nyumba ilikuwa kimya. Kengele alikuwa ameondoka na viatu vyake vya kutembelea, akiimba ngazi zote. Chaki aliketi kwenye meza ile ile, amevaa vizuri kama anayekwenda kuhojiwa kazi. Hakuandika la kusema. Hakufanya majaribio. Saa nne kamili akapiga.

Simu ikalia mpaka ikakata.

Akapiga tena. Ikalia mpaka ikakata.

Mara ya tatu ikapokelewa.

"Halo!"

"Mama?"

"Usipige kelele. Nimevunjika paja, si masikio."

"Mama yangu, nisamehe. Nisamehe, Mama..."

"Ngoja kwanza. Huyu anayesema ni wewe au ni wa Ijumaa?"

"Ni mimi, Mama."

"Kohoa."

Chaki akakohoa, kikohozi kikachanganyika na kwikwi.

"Haya, ni wewe. Ijumaa hukohoi." Sauti ya Mama ikashuka. "Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Nilijua nikikusikia sitaogopa. Halafu nikakusikia."

Chaki aliliacha lile neno la mama limchome mpaka mwisho, maana lilikuwa haki yake.

"Mimi hasira zangu ninazo," Mama akaendelea, "na sizimalizi kwenye simu. Utakuja likizo, utaniogesha, nami nitakusema huku unanisugua mgongo. Umesikia?"

"Nimesikia. Mama, Fundi yupo?"

"Yupo. Amekaa hapa mbele ya simu, anaitazama inavyolia kama anayetazama mpira. Kushika hataki. Kuizima hataki. Wagonjwa wenzangu wameanza kunung'unika, ndiyo maana nimeipokea mimi."

"Mpe, Mama. Hata sekunde moja."

"Nimpe nini? Mikono ameikalia." Sauti ya Mama ikawa ya mnong'ono, ule mnong'ono wa wazee ambao wodi nzima husikia. "Lakini amekuja hapa saa kumi na mbili alfajiri, amenyoa ndevu, ananukia sabuni. Nimemuuliza, unamnyolea nani, simu haina macho? Hajanijibu."

Kwa mbali Chaki alisikia sauti ya kiume ikisema, "Mama, jamani!" kwa aibu ya mtu aliyevuliwa shati hadharani. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia kwa siku sita.

"Nifanyeje sasa, Mama?"

"Mimi nitajuaje? Mimi sijawahi kujirekodi. Nakata, nimechoka kushika simu. Wewe piga tena."

"Na asipopokea?"

"Ina maana bado anaitazama. Piga."

Ikakatika. Chaki akafuta uso kwa viganja vyote viwili, akalitafuta jina la Fundi, akabonyeza. Ikaanza kulia.